Fisi wa Mama Mkwe

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nililifanya nikiwa na akili timamu. Kitabu cha mchezo kilisema mnyama mwenzi ni mbwa mwitu, na kwamba akilia, maadui wanaomsikia wanashikwa na hofu na kukimbia. Mimi ni bwana shamba. Nimeizunguka Njombe hii kutoka Ipelele mpaka Matembwe na sijawahi kukutana na mbwa mwitu wa namna ile. Nikamfuta, nikaandika fisi. Baada ya hapo ile sentensi ya maadui ikawa haina akili hata kidogo. Fisi akilia nyuma ya nyumba haulizi nani adui. Kwa hiyo nikaandika: kila anayesikia anarusha kete, akipata chini ya kumi na mbili anakimbia. Kila anayesikia, isipokuwa mwenye fisi.

Nieleze mchezo wenyewe, maana mchungaji aliwahi kunivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni mambo ya ramli. Si ramli. Watu wanne wanakaa mezani. Mmoja anasimulia safari, na huyo ni mimi. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa kubuni, kaandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, anachokijua na asichokijua. Mimi nasema mmefika mtoni, daraja limeoza, mnafanyaje? Wao wanajibu. Jambo likiwa na mashaka tunarusha kete yenye pande ishirini, na kete ikishasema imesema. Mke wangu anafundisha hesabu sekondari. Kitabu alikirithi kwa mwalimu mwenzake aliyehamishwa, akakitafsiri chote kwenye kaunta buku mbili kwa kalamu nyekundu, kama anayesahihisha. Tunacheza Jumapili mchana, ibada na mnada wa mazao pale kanisani vikishakwisha, kwa chai na viazi vya kuchemsha.

Fisi alikuwa wa mwalimu wa kwaya, jirani yetu. Mchezaji wa tatu alikuwa rafiki yangu wa Makambako, msafirishaji, Mwislamu mwenye Fuso ambalo Jumapili hupanda Njombe kupakia viazi. Mtu wake ni shujaa mwenye mkuki, na huo mkuki ameupa historia ndefu kuliko ukoo wangu. Shida ni kwamba tangu fisi aingie mchezoni, shujaa huyo alikuwa hajampiga mtu yeyote. Vita ikianza tu, fisi analia. Maadui wanakimbilia huku, shujaa anakimbilia kule. Jumapili nne mfululizo.

"Bwana shamba," akaniambia siku hiyo, "yaani mimi nimetoka Makambako kuja kukimbia?"

"Umepata saba, kaka. Kete imesema."

"Nimelala pango moja na huyu mnyama wiki nzima! Nimempa mfupa kwa mkono wangu huu! Bado nakula kona?"

Nikaona ana hoja. Nikaandika kwamba aliyekaa na fisi siku saba harushi kete. Jumapili iliyofuata mke wangu, ambaye hesabu zimemharibu, akauliza kama sheria hiyo inamhusu pia mlinzi wa lango la mji, kwa kuwa nilishasema mlinzi huyo alikulia karibu na mapango ya fisi. Nilisema hivyo miezi mitatu nyuma, kwa kupamba tu. Alikuwa ameandika. Ikabidi mlinzi asiogope, na wenzake wakadai wamezoea pia, mpaka fisi akawa hatishi mtu yeyote na mwalimu wa kwaya akanuna. Nikafuta sheria. Msafirishaji akaona bora ajitegemee, akasema shujaa wake anaziba masikio kwa nta. Fisi akalia, shujaa hakusikia. Mke wangu akapiga kelele kwamba daraja limeoza, shujaa hakusikia pia. Tulitumia Jumapili nzima kumtoa mtoni.

Hali ilikuwa hiyo mwalimu wa kwaya alipokwenda masomoni na kutuachia fisi asiye na mwenyewe. Wiki hiyohiyo mama mkwe wangu akaja kutoka Lugarawa.

Alikuja kwa sababu ya macho. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto linafuata, na daktari alishasema la kulia lifanyiwe upasuaji mapema. Tarehe mbili zilikuwa zimempita. Ya kwanza alisema anapanda viazi. Ya pili alisema ana msiba, na mpaka leo hatujajua aliyekufa ni nani. Safari hii mke wangu alimfuata mwenyewe, akamfungia nyumba, akamleta. Mama anaishi peke yake kule, anapika kwa kuni, anachota maji mwenyewe. Mtu asiyeona hawezi maisha hayo. Asipotibiwa ingebidi aache nyumba yake na shamba lake ahamie kwetu moja kwa moja, jambo ambalo yeye hakulitaka kabisa, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa naliombea lisitokee.

Si kwamba simpendi. Namwogopa. Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Nusu ya watu wazima wa kijiji chake wamezaliwa mikononi mwake na wote wakimwona wanarekebisha mavazi. Halafu kuna mila. Katika ukoo wetu, na kwao vilevile, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hampi kitu mkononi. Nikitaka kumpa chumvi naiweka kwenye kigoda, narudi nyuma, naye anaichukua. Tumeishi hivyo miaka kumi na minne na hakuna chumvi iliyomwagika. Akitaka kuniambia neno anaongea na ukuta, nami nasikia.

Jumapili ya kwanza alikaa kwenye kona anasikiliza. Ya pili akauambia ukuta, "Huyo fisi sasa ni wa nani?"

"Hana mtu, mama," mke wangu akasema.

"Mnyama hawezi kukaa hana mtu. Nipeni."

Basi akasogezewa kiti ubavuni kwangu, tusiangaliane, na kigoda kikawekwa katikati kwa ajili ya kete. Mtu wake alikuwa mkunga. Tulimwambia anaweza kuwa chochote, hata malkia, akasema malkia kazi yake haijui.

Alikuwa na namna yake ya kurusha. Kete inaangukia kwenye sahani ya bati, anaifunika kwa kiganja, anapapasa upande wa juu kwa dole gumba, kisha anataja namba. Namba zimechongwa, kwa hiyo labda alizisoma kweli. Ila mimi nilikuwa ubavuni, na kabla kiganja hakijafika nilikuwa nimeshaona. Kete inasema nne, mama anasema kumi na nne. Inasema sita, anasema kumi na sita. Ningefanyaje? Nikimsahihisha nimemwambia ama haoni ama mwongo. Nikaandika kumi na nne, nikaandika kumi na sita. Msafirishaji naye alikuwa anaona, akawa anatazama dari.

Siku moja fisi wa mama akalia na shujaa akapata tano.

"Anakimbia," nikasema.

"Kwa nini?" mama akauuliza ukuta.

"Amefeli kete, mama. Ameogopa."

"Kuogopa nimesikia. Nimeuliza kwa nini anakimbia."

Mama akakunja mikono. "Mimi nimezalisha tangu sina mvi hata moja mpaka zote zimekuwa mvi. Sijawahi kumwambia mwanamke asiogope, ningekuwa namdanganya. Nilimwambia shika hapa. Kama hakuna kitanda cha maana, nilimwambia nishike mimi. Waliogopa wote. Wangekimbilia wapi?"

Mke wangu akafungua kofia ya kalamu nyekundu. "Kwa hiyo aliyefeli, akimshika mtu aliye karibu, hakimbii?"

"Hakimbii. Ila aliyeshikwa naye hafanyi kitu. Ukishikwa na mwenye uchungu huwezi hata kujikuna."

Ikaandikwa: aliyeshikwa anapoteza zamu yake. Msafirishaji alipinga palepale. Shujaa wake, mwenye mkuki ule, ashike mkono wa mkunga mbele ya majambazi? Majambazi watamchukuliaje? Mama akasema, "Mwanangu, chagua. Mkono au mtoni." Akashika. Zamu iliyofuata, akiwa bado anatetemeka kwa mujibu wa karatasi, alimchoma jambazi wake wa kwanza tangu masika. Wee! Mtu mzima alisimama na kuzunguka meza. Jumapili iliyofuata alituletea mkungu mzima wa ndizi, akaukabidhi kwa mama kwa mikono miwili, maana yeye si mkwe na mikono yake iko huru.

Ningekuwa na bahati mambo yangeishia hapo. Lakini Jumapili ya mwisho kabla ya tarehe ya tatu ya hospitali, iliyokuwa Alhamisi, mama akaikamata ile sheria nyingine.

"Na mimi kwa nini sirushi?"

"Wewe ndiye mwenye fisi, mama."

"Kwa hiyo?"

"Mwenye fisi haogopi. Imeandikwa."

"Kaandika nani?"

"Mimi."

"Futa."

Nilipandwa na hasira, sifichi. Sheria moja nilikuwa nimeshaigeuza mara tatu. Mwenye fisi naye akianza kukimbia, fisi atabaki na nani, na mchezo utakuwa mchezo gani? Lakini hasira ya mkwe haina pa kwenda. Huwezi kumfokea mama mkwe. Nikamfokea msafirishaji kwamba anamaliza ndizi. Akasema ndizi kaleta yeye. Nikasema si hoja.

Mama akangoja nimalize. Kisha akauambia ukuta, taratibu tu, "Baba mkwe wako alipofariki nilifuga mbwa mkali. Watu walikuwa wanapita mbali na nyumba yangu. Walidhani mimi siogopi kwa kuwa mbwa ni wangu. Kila asubuhi nikienda kumfunga, mikono ilikuwa inatetemeka mpaka mnyororo unalia. Lakini ungemwambia nani? Ukishakuwa mwenye mbwa, hakuna anayekuuliza."

Nikafuta. Nilifuta kwa kalamu yangu mwenyewe.

Fisi akalia. Wote wakarusha, mama akarusha mwisho. Kete ikazunguka kwenye sahani ya bati, ikalala. Kumi na saba. Niliiona vizuri, haikuwa na utata wowote. Mama akaifunika kwa kiganja, akapapasa kwa dole gumba, akakaa hivyo muda mrefu kuliko siku zote.

"Tatu," akasema.

Hakuna aliyetazama dari safari hii.

"Nani yuko karibu na mimi?"

Nikaangalia ramani ya safari yetu. Shujaa alikuwa ng'ambo ya mto. Mganga, mtu wa mke wangu, alikuwa juu ya kilima. Mimi ni msimulizi, sina mtu kwenye ramani.

"Hakuna, mama."

"Basi andika amekimbia." Akainuka, akashika ukuta, akaenda jikoni kumenya viazi ambavyo havikuhitajika.

Msafirishaji akaaga mapema, akasema mzigo. Tulipobaki, mke wangu akakusanya vikombe bila kunitazama. "Alhamisi haendi," akasema.

"Ilikuwa kumi na saba."

"Najua. Nimeiona."

"Mbona hukusema?"

"Mbona wewe hukusema?"

Miaka kumi na minne nilikuwa nimeshughulika kumwogopa yule mama kwa bidii, sikuwahi kupata nafasi ya kujiuliza yeye anaogopa nini. Niliona haya. Niliona haya kama mtu aliyekutwa anachungulia.

Alhamisi alikwenda, kwa maana ya kwamba alipakiwa kwenye gari. Ilikuwa asubuhi ya ukungu wa Juni, ule unaofanya mtu asione hata mkia wa gari lililo mbele, hivyo ndani ya gari letu wote tulikuwa sawa. Mama alivaa vitenge viwili na koti langu la zamani, ambalo alilikuta limewekwa kwenye kigoda. Hospitalini mke wangu akaenda dirishani na fomu, kwenye foleni. Tukabaki mimi na mama kwenye benchi. Kati yetu aliweka mkoba wake, nafasi ya mtu mmoja, kama inavyopasa.

Nesi akatoka na karatasi akaita. Mama akainuka, imara kabisa, akajitengeneza kitenge. Nikashukuru Mungu mapema mno. Badala ya kwenda kushoto kwa nesi akageuka kulia, akatembea kuelekea getini. Mtu aliyeshindwa kuona sufuria mezani alipita katikati ya watu wote wale bila kumgusa hata mmoja. Mguu niponye.

Nikamfuata. Nilimfikia karibu na maua, akiwa amesimama, maana geti alikuwa ameshindwa kuliona kwenye ukungu.

"Nimeacha maharage jikoni," akauambia ukuta. Hapakuwa na ukuta. Hatukuwa na maharage pia.

Nilitaka kumwambia mambo ya maana. Kwamba upasuaji wenyewe si mrefu, kwamba wengi wamefanyiwa wakapona, kwamba daktari ni mzuri. Yote hayo mke wangu alishayasema mara mia na yote ni ya kumwambia mtu asiogope. Nyuma yetu nesi akaita tena. Moyo ulikuwa unanienda mbio kama mimi ndiye naitwa.

"Mama," nikasema, "umepata ngapi?"

Watu wawili wakatupita wakiwa na thermosi.

"Tatu," akasema.

"Mimi niko karibu."

Nikanyoosha mkono. Ulikaa hewani, na nikatambua kwamba mama hauoni. "Mkono uko hapa, mama. Upande wako wa kushoto." Akapapasa chini kidogo, pale ambapo siku zote kunakuwa na kigoda, akakosa, akapandisha, akaukuta. Akausimamisha mkono wake juu ya wangu bila kushika, kama mtu anayepima chungu kama ni cha moto. Kisha akashika. Vidole vyake vilikuwa baridi na vina nguvu za kutisha. Nikawaelewa wanawake wa Lugarawa.

"Utapoteza zamu," akasema.

"Nimeshaipoteza."

Tukarudi. Nilikuwa natazama chini, naona viatu vyake vya plastiki na vyangu vikienda pamoja. Mke wangu alikuwa ametoka dirishani na fomu zake, akatuona tumeshikana mikono mbele za watu, mimi na mama yake, akasimama palepale na mdomo wazi. Baadaye aliniambia alidhani mama amekufa na mimi nimerukwa na akili. Akatupisha.

Mlango wa chumba cha upasuaji una kioo kidogo na kibao kinachokataza viatu. Nesi, binti mdogo tu, ambaye angeweza kuwa mmoja wa wale waliozaliwa mikononi mwa mama, akamvua viatu, akamfunga kofia ya kitambaa kichwani. Akamwuliza kama yuko tayari. Mama akasema hayuko tayari, lakini anaingia. Nikasimama nikingoja aniachie. Akawa haniachii. Nesi akatutazama, akatabasamu, akatazama tena.

"Baba," akasema kwa upole, "naomba umwachie."

Nikatazama chini. Vidole vya mama vilikuwa vimenyooka, vimelegea kabisa. Mimi ndiye nilikuwa nimeshika.

Mama mkwe wangu akanigeukia. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake, kwa lile jicho la kushoto lililobaki na mwanga kidogo, akanitazama sana, hana haraka.

"Mwandikie huyu," akamwambia nesi. "Amepata moja."